Maswali na majibu: nikeli ya kufumba na kufumbua

Safari iliyopita niligusia nikeli-78, kiini cha atomu chenye protoni 28 na nyutroni 50 ambacho hakidumu hata robo sekunde. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotarajia. Nimechagua haya.

Shikamoo mwalimu. Huku kwetu Ngara tuna nikeli ya Kabanga. Hiyo ya 78 imo humo?

Marahaba. Haimo. Nikeli ya ardhini, iwe ya Kabanga au ya kwingineko, ni mchanganyiko wa isotopu tano: 58, 60, 61, 62 na 64. Ile ya 58 peke yake ni zaidi ya theluthi mbili. Zote zina protoni 28, maana ukiongeza moja tu umeshapata shaba. Zinachotofautiana ni nyutroni. Nzito kuliko zote hapo, ya 64, ina nyutroni 36. Ya 78 imebebeshwa 14 zaidi ya hizo. Mzigo huo haubebeki: nyutroni moja hugeuka protoni, nikeli inakuwa shaba, shaba inakuwa zinki, na safari inaendelea hivyo mpaka kiini kitulie.

Kwa nini mnaishupalia ya 78? Ya 77 ina kasoro gani?

Haina kasoro, ila haina bahati ya namba. Mwaka 1949 Maria Goeppert Mayer, na Hans Jensen naye kivyake, walieleza kwamba protoni na nyutroni hujipanga katika maganda, na ganda likijaa kiini kinakuwa cha mviringo na kigumu kukitikisa. Maganda hujaa kwenye 2, 8, 20, 28, 50, 82, na kwa nyutroni hata 126. Wanafizikia wanaziita namba za ajabu. Kazi hiyo iliwapa Nobeli mwaka 1963.

Sasa tazama: 28 ni namba ya ajabu, 50 ni namba ya ajabu. Nikeli-78 inazo zote mbili. Lakini namba hizo zilitokana na viini vya kawaida, vile vinavyokaa. Kwenye viini vilivyojaa nyutroni kupita kiasi mambo huharibika. Magnesi-32 ina nyutroni 20, na ile 20 haikuisaidia kitu, kiini kimepinda kama yai. Kwa hiyo swali lililokuwa likiwakosesha watu usingizi ni hili: huko mbali, 50 bado ina nguvu zake?

Kitu kinachoishi sekunde 0.12 mnakipimaje? Si kitakuwa kimekufa kabla hamjawasha mashine?

Umewahi kumwona mama akinunua mtungi? Anaugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Mzima unalia kwa sauti kali. Wenye ufa unatoa mlio wa bubu. Haupasui ili kuona ndani. Basi na sisi tunagonga.

Kazi iliyotoa jibu ilifanyika RIKEN, taasisi ya utafiti iliyoko Wako, Japani, na kuchapishwa Mei 2019. Viini vya urani viliongezwa mwendo mpaka zaidi ya nusu ya mwendo wa mwanga, vikapigizwa kwenye berili (metali nyepesi), vikavunjika vipande vya kila aina. Sumaku zikachambua, zikabakiza shaba-79 miongoni mwa vingine. Hiyo ina protoni 29. Ikapitishwa kwenye hidrojeni ya kimiminika yenye unene wa sentimita 10 hivi, na pale ilipogongana, protoni moja ikachomoka. Kilichobaki ni nikeli-78, tena ikiwa inatetemeka. Inapotulia hutoa mwale wa gama, na fuwele 186 za sodiamu iodaidi zilizozunguka pale ndizo masikio.

Ama kuhusu kuchelewa, ondoa shaka. Kwa mwendo ule, sekunde 0.12 inatosha kiini kusafiri nusu ya mzingo wa dunia. Maabara ni mita mia kadhaa tu.

Na mlio ulikuwaje?

Mkali. Gama ilikuwa na nishati ya elektronivolti milioni 2.6. Nikeli-76, jirani yake mwenye nyutroni mbili pungufu, hutikisika kwa karibu milioni 1 tu. Pengo hilo ndilo saini ya ganda lililojaa. Mtungi ni mzima.

Hata hivyo, mimi ningeshangilia kwa kiasi. Ulisikika pia mlio wa pili, wa milioni 2.9, ambao hesabu zinauhusisha na umbo jingine, lililorefuka, lililojificha karibu sana na lile la mviringo. Hesabu hizohizo zinadokeza kwamba ukivuka nikeli-78 kwenda kwenye nyutroni nyingi zaidi, umbo hilo la pili ndilo litakalotawala. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari yenyewe.

Faida yake kwa mwananchi?

Ya kutia mfukoni, hakuna. Lakini elementi nyingi nzito, dhahabu ikiwemo, huumbwa pale viini vinapomeza nyutroni kwa pupa, kama nyota mbili za nyutroni, yaani masalia mazito ya nyota zilizokufa, zinapogongana. Viini vya nyutroni 50 ni vituo ambapo msafara huo hukwama kidogo. Bila kujua unakwama kwa muda gani, huwezi kukokotoa kinachotoka upande wa pili.

Mpaka leo mmeshatengeneza gramu ngapi?

Gramu! Darmstadt, Ujerumani, walipoitambua mara ya kwanza mwaka 1995, walihesabu viini vitatu. Michigan, Marekani, mwaka 2005 walikadiria umri wake kwa viini 11. Wajapani baadaye wakapata vingi zaidi, ndipo ikapatikana hiyo 0.12. Gramu moja inataka viini karibu 8 na sifuri 21 mbele yake.