Maswali ya Wasomaji: Leza na spini ya elektroni

Nasoma fizikia hapa Lubumbashi. Naambiwa leza hupima polarizesheni ya elektroni, yaani spini zake (ule mzunguko wake wa ndani) zimeelekea upande mmoja kiasi gani, kwenye mashine za kukimbiza chembe. Mwanga unajuaje spini imeelekea wapi? Na bamba la chuma lenye usumaku, ambalo nalo hutumika kupima hivyo, lina kasoro gani?

Mwanga haujui kitu, unagongwa tu. Leza ya kijani ya nanomita 532 ina fotoni, yaani punje za mwanga, za eV 2.33 (eV ni kipimo cha nishati; MeV ni eV milioni, GeV ni bilioni). Zikikutana uso kwa uso na elektroni za GeV 1.16, kama kwenye jaribio la Qweak lililofanyika hadi 2012 katika maabara ya Jefferson Lab, Marekani, zinazorudishwa moja kwa moja nyuma hufikia MeV 46. Idadi ya fotoni hizo hubadilika kidogo kutegemea kama spini inafuata mzunguko wa mwanga (wimbi la leza hii huzunguka kama skrubu, ndio mwanga wa duara) au inaupinga. Toa hesabu ya upande mmoja kwenye ile ya pili, kisha gawa kwa jumla: kwenye ukingo huo wa MeV 46 utapata karibu asilimia 4 kama kila kitu kimepangika kikamilifu. Ukipata 3.4, elektroni zimepangika kwa kama asilimia 85.

Bamba linafaa, ila mkondo mkubwa wa elektroni hulipasha moto na usumaku wake hupungua, na mkondo uliokwisha kulipita haufai tena kwa jaribio. Kwa hiyo hupimwa kwa mikroampea chache. Leza ilipima palepale kwenye mikroampea 180, kazi ikiendelea.

Goma: si fotoni nyingi zitapita bure?

Karibu zote. Ndiyo maana kwenye Qweak leza ya wati 10 ilifungiwa kati ya vioo viwili, mwanga ukaenda na kurudi mpaka ukafika kilowati 1.7. Sumaku nne ziliukunja mkondo, ukakatiza mwanga huo, kisha ukarudi njiani. Elektroni iliyogongwa imepungukiwa nishati, hivyo ilipinda zaidi na kuangukia vipande vya almasi (ya maabara, si ya Mbuji-Mayi) vyenye mistari 96, mikromita 200 toka mmoja hadi mwingine. Mstari ulioguswa ndio unaosema nishati iliyopotea. Spini iligeuzwa kwenye chanzo mara 960 kwa sekunde, leza ikiyumba polepole isiharibu hesabu. Usahihi wa asilimia 1 wadai hesabu kama milioni 8.6 za ukingoni. Kwa 100,000 kwa sekunde, ni dakika moja na nusu.

Mimi ni mwalimu, Bukavu. Ni nini huharibu kipimo hiki?

Mwalimu, kuna takataka kwanza: elektroni zinazogonga mabaki ya hewa au kingo za bomba. Zikiwa asilimia 20 ya hesabu, tofauti unayoiona hupungua kwa asilimia 20. Dawa yake ni rahisi: zima leza kila baada ya muda, hesabu kinachobaki, toa.

Mkorofi mwenyewe ni dirisha la kioo ambamo leza huingia kwenye ombwe. Waonyeshe wanafunzi: fungua ukurasa mweupe kwenye skrini ya kompyuta, vaa miwani ya jua yenye polaroidi, inamisha kichwa hadi skrini iwe nyeusi, kisha weka katikati rula ya plastiki inayopitisha mwanga. Rangi zitatokea, na ukiikunja rula zitasogea. Bolti za dirisha hulibana kioo vivyo hivyo, na mwanga uliotoka kwenye leza ukiwa wa duara kamili unaingia umechanganyika na wa mstari, yaani unaotikisika kwenye mstari mmoja bila kuzunguka.

Kupima nje ya dirisha hakusaidii, na ndani hufiki. Hila ni kuuliza mwanga unaorudi. Ukikifikia kioo cha kuakisi kilicho ndani ukiwa wa duara kamili, hugeuka mkono na kurudi kwa njia ileile, ukatoka umesimama pembe mraba na ulivyoingia, na polaraiza ya mwanzo (kichujio kinachopitisha mwanga wa mstari wa upande mmoja tu) huuzuia wote. Zungusha bamba la nusu wimbi na la robo wimbi, yaani vipande vya fuwele vinavyobadili polarizesheni ya mwanga, ukiangalia mwanga unaovuja kupita polaraiza, hadi uwe mdogo kabisa. Sehemu ya mstari ikibaki asilimia 10, ya duara bado ni 99.5, ikibaki 1, ni 99.995. Bolti zikiguswa tena, rudia kuzungusha.