Mkuu, usitume hiyo hela ya Chanika

Mkuu, acha kwanza. Hiyo milioni 2 ya "kushikia kiwanja" usiitume leo wala kesho. Umeuliza mengi, bei za Dar zinaelekea wapi, ujenge au uendelee kupanga, Chanika au Kibaha, ila mimi nimekwama hapa ulipoandika: "Hakijapimwa lakini karatasi za serikali ya mtaa zipo, na dalali anasema treni ya SGR inasimama Pugu, bei itapaa." Tumbo limenikata.

Mimi dalali wangu aliniambia daraja. Mwaka 2014, Kigamboni, mbele ya Kibada. "Bosi, daraja likifunguliwa hapa hupagusi." Na hakudanganya, ndicho kinachoniuma. Aprili 2016 daraja likafunguliwa, bei zikapanda kweli. Za wenzangu. Kwangu ilipanda presha.

Milioni 9 nilizihesabu chini ya mwarobaini, nje ya ofisi ya mtaa. Picha za pasipoti zikabandikwa kwa gundi, mashahidi wakanywa soda (za kwangu), muhuri ukagongwa mpaka meza ikayumba. Mwenyekiti akakata asilimia 10 "ya ofisi". Nikaondoka natembea kama baba mwenye nyumba. Kumbe huku mjini mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kugawa wala kuidhinisha ardhi! Ule muhuri unashuhudia tu kwamba watu wawili walikutana, mmoja akaondoka na hela. Na ng'ambo ya barabara kulikuwa na viwanja vya ule mradi wa serikali wa viwanja 20,000, vimepimwa, bei karibu mara mbili ya changu. Nikawaona wanaonunua kule washamba. Haya, cheka.

Nikafyatua tofali 1,200, nikamwaga msingi. 2018 wakaja wapimaji. Kijana mmoja akasimamisha kifaa chake katikati ya sebule yangu mtarajiwa, akatazama mchoro, akaniuliza kwa upole, "Mzee, ulijua hapa ni shule?" Chumba changu cha kulala kilikuwa kwenye uwanja wa mpira. Aliyeniuzia hapatikani, dalali anasema yeye "aliunganisha tu", mwenyekiti alishahama. Shule yenyewe hadi leo haijajengwa, watu wanalima mihogo ndani ya msingi wangu. Inastawi kweli, samadi yake milioni 9.

Sasa sikia. Kabla hujatoa hata elfu kumi ya "kuoneshwa", tafuta mpimaji mwenye leseni akuchukulie kodineti (namba za mahali kilipo kwenye ramani) za hicho kipande, uende nazo mwenyewe ofisi ya ardhi ya halmashauri, waulize mchoro wa mipango miji unasema hapo ni nini: makazi, barabara, shule, makaburi. Ukikuta kimepimwa, chukua namba ya kiwanja na kitalu, fanya upekuzi uone kina jina la nani na kama kuna zuio au deni la benki. Dalali asikutumie picha ya risiti, nenda na miguu yako. Akikwambia kuna mteja yuko Canada analipia jioni, mwambie amuuzie huyo huyo. Wangu alikuwa wa Oman.

Bei? Zitapanda, sawa, reli ikifika zinapanda. Mambo ya kupanga au kujenga nimesahau ulivyouliza, nitarudi.

Halafu huyo dalali wako, ana pikipiki nyekundu na kila sentensi anasema "bosi wangu"?