Muulize Mwalimu: Kitabu hiki nani kakichagua?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kijana wangu yuko Gredi ya 5. Shule imenipa orodha ya vitabu, na muuzaji pale mjini akaniambia kimoja hakijaidhinishwa. Dada yangu wa California ananiambia huko kila wilaya hujichagulia. Ni kweli? Mama Baraka, Umoja

JIBU: Marahaba, Mama Baraka. Dada yako hajakosea, ila kafupisha mno. Kule bodi ya elimu ya jimbo huidhinisha vitabu vya chekechea hadi darasa la 8. Wilaya inaweza kuchukua visivyo kwenye orodha hiyo, mradi vifuate viwango vya jimbo na wengi wa wanaovikagua wawe walimu wanaofundisha somo au darasa hilo. Kuanzia darasa la 9 bodi ya wilaya ndiyo huamua. Kipengele hicho cha walimu nakionea wivu, sikufichi.

Hapa kwetu Kenya ni KICD, taasisi ya kitaifa ya kukuza mitaala, inayokagua, na vilivyopita huingia kwenye Orange Book, yaani orodha rasmi ya vitabu vilivyoidhinishwa. Tangu 2018 serikali hununua vitabu vya kiada na kuvipeleka moja kwa moja kwenye shule za umma. Kwa hiyo kama shule ni ya umma, uliza kwanza: vile vya serikali viko wapi? Mimi mwenyewe niliwahi kuvikuta stoo, bado vimefungwa kamba, huku wazazi wakitumwa dukani.

Tazama jalada la kitabu kama kina muhuri wa idhini, kisha linganisha jina na gredi na vilivyomo kwenye Orange Book. Usipokiona, mrudie mwalimu wa darasa kabla hujatoa hela.