Barua kwa mwanangu: kwa nini wachezaji 24 na si 17

Kizota, Dodoma

Mwanangu,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Hatujambo sote. Upepo wa Dodoma ndio huo unavuma na vumbi lake, na mama yako anasema zabibu zako amekuwekea, uje uzichukue kabla hazijawa kavu.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Kamati imekupa kazi ya kuandaa bajeti ya ziara ya timu ya taifa: wiki tatu Uingereza, mechi tatu za raga ligi, ile ya wachezaji 13. Mfadhili amekukwamisha kwa swali moja. Uwanjani wanaingia 13, benchi wanakaa 4, jumla 17. Kwa nini basi mlipie nauli, viza na vitanda vya watu 24? Hao saba wanakwenda kutazama mpira?

Mjibu hivi, mama: hao saba ndio wanaowezesha mechi ya pili na ya tatu kuchezwa. Ya kwanza hata 17 wataicheza. Na kwa kuwa yeye ni mtu wa hesabu, mpe hesabu.

Anza na kichwa. Katika raga ligi mtu anakabwa na watu wawili au watatu kwa wakati mmoja, na wakabaji wamerudi mita 10 kabla ya kumfuata, kwa hiyo mwendo wa kugongana ni mkubwa. Anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo anatolewa dakika 15 akapimwe. Akishindwa kipimo, mechi yake imekwisha. Ligi kuu ya Australia, NRL, tangu 2023 imeweka siku 11 za kukaa nje kwa aliyethibitika kupata mtikisiko. Sasa chukua kalenda ya Australia walipozuru Uingereza mwaka 2025 kwa mfululizo wa Ashes, yaani mechi za kushindania taji kati ya nchi hizo mbili: tarehe 25 Oktoba Wembley, 1 Novemba kwenye uwanja mpya wa Everton kule Liverpool, 8 Novemba Headingley, Leeds. Mchezaji aliyeumia kichwa tarehe 25 Oktoba, ukimhesabia siku 11, anafika tarehe 5 Novemba. Mechi ya pili imempita. Hapo hakuna ujasiri wala maombi. Ni tarehe tu. Mechi zikipishana siku saba, kila mtikisiko wa ubongo unakula mechi moja nzima.

Ongeza misuli ya nyuma ya paja. Ikichanika kidogo tu, wiki mbili hadi tatu zimeondoka, yaani ziara yote. Bega likichomoka, ndiyo basi. Usishangae ukitoka mechi ya kwanza na majeruhi watatu wasioweza kucheza inayofuata. Toa watatu kwa 17, wamebaki 14: kumi na tatu uwanjani na mmoja benchi. Kanuni zinaruhusu mabadiliko 8, lakini mabadiliko yatafanywa na nani? Propu, yule fowadi mzito wa mstari wa mbele, ni mtu wa kilo 105 au 110 ambaye kwa kawaida anacheza kwa vipindi viwili, dakika 20 hadi 25 kila kimoja, kisha anapumzishwa. Ukimwacha dakika 80, baada ya saa ya kwanza mikono yake inashuka, anakaba kwa kichwa badala ya bega, na umeshajipatia mtikisiko mwingine. Majeraha huzaa majeraha.

Atakuambia: akiumia mtu, tutamwita mwingine kutoka nyumbani. Hapa ndipo bajeti nyingi zinapojidanganya. Mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza ya Uingereza, anapeleka alama za vidole, na majibu ya kawaida huchukua kama wiki tatu. Ziara yenyewe ni wiki tatu. Utakayemwita Jumatatu baada ya mechi ya kwanza atapata viza yake wenzake wakiwa wamesharudi nyumbani. Kwa hiyo hata mkipeleka wachache, ombeni viza za watu 26 au 27 tangu mwanzo, wale wa ziada wakae nyumbani na pasipoti tayari. Gharama ya viza ni ndogo ukilinganisha na mechi iliyoharibika.

Jambo la tatu mfadhili hataliona mpaka umwambie: mazoezi. Timu haiwezi kujiandaa bila kuwa na upande wa pili wa kuikabili. Ukiwa na 24, unaweka 13 huku na 11 kule, na wale 11 wanaiga mashambulizi ya mpinzani wa Jumamosi. Toa watatu wanaouguza, bado una 13 kwa 8, mazoezi yanaeleweka. Ukiwa na 17, toa watatu, una 13 dhidi ya mtu mmoja. Mstari wa ulinzi haufundishwi hivyo. Ndiyo maana Australia 2025 walikwenda na wachezaji 24, na Kombe la Dunia nalo hutumia kikosi cha 24. Wakashinda mechi zote tatu, 26 kwa 6, 14 kwa 4, na 30 kwa 8.

Kuna pendekezo jingine analoweza kuleta, nalo ni la hatari zaidi: kubana mechi ili kupunguza siku za hoteli. Mweleze ya 1914. Timu ya Uingereza ilikuwa Australia, ikapangiwa mechi tatu za Testi, yaani za taifa kwa taifa, ndani ya siku nane: 27 Juni, 29 Juni na 4 Julai. Wakashinda ya kwanza, wakafungwa ya pili, wakaomba ya tatu iahirishwe kwa kuwa majeruhi walikuwa wengi, wakaagizwa kutoka kwao wacheze hivyo hivyo. Wakati huo hakukuwa na kubadilisha mchezaji. Winga Frank Williams akaumia mguu, Douglas Clark akavunjika mfupa wa bega, Billy Hall akapigwa kichwani, na kuna wakati walibaki 10 uwanjani. Chick Johnson, fowadi, yaani mmoja wa wale wazito wa kugongana katikati, aliyesogezwa pembeni kuziba pengo la winga, ndiye aliyefunga trai (kuutua mpira nyuma ya mstari wa wapinzani) baada ya kuusukuma kwa mguu. Nahodha wao alikuwa Harold Wagstaff, na walishinda 14 kwa 6. Watu huisimulia kama hadithi ya ushujaa, na ushujaa ulikuwepo kweli. Lakini wewe unayeandika ratiba isome kama ilivyo: wale walikwenda na kikosi kikubwa, na siku nane zilitosha kukimaliza. Siku saba kati ya mechi na mechi, mama, usishuke chini ya hapo.

Sasa namna ya kuwagawa hao 24. Fulubeki (mlinzi wa mwisho nyuma) 2, mmoja awe anaweza kucheza winga. Winga 3, senta 3, hafu (wapangaji wa mashambulizi) 3. Huka 2, propu 5, safu ya pili (mafowadi wa nyuma ya mapropu) 4, na namba 13, fowadi wa mwisho, wawili. Jumla inatimia. Macho yako yawe kwa huka. Huyu ndiye anayeokota mpira kila mara mtu wake anapokabwa na kusimama, na akiwa kwenye ulinzi anakaba mara 30 hadi 40 kwa mechi. Nafasi yake haiigwi. Winga anaweza kuwa senta, wa safu ya pili anaweza kuwa propu kwa dakika 20, lakini ukimweka mtu asiyejua kazi ya huka, pasi zinafika nyuma ya mabega ya hafu na mashambulizi yote yanachelewa. Kocha akikuletea orodha yenye huka mmoja, irudishe.

Fedha zikipungua kwelikweli, kata kwa mpangilio huu. Kwanza viongozi. Timu inahitaji meneja, kocha, msaidizi wake, daktari, fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) na mtunza vifaa. Weka wa saba kama kuna mchambuzi wa video. Jumla 31, wanaingia kwenye basi moja na nafasi inabaki. Kila mwenye suti anayeongezwa hapo ameketi kwenye kiti cha huka wa pili, na uwaambie hivyo bila kuogopa. Pili, punguza mechi. Samoa walipozuru Uingereza 2024 walicheza mbili tu, Wigan tarehe 27 Oktoba na Leeds tarehe 2 Novemba, na ilikuwa ziara yenye heshima. Wachezaji wawe wa mwisho kuguswa. Mechi mbili mnaweza kwenda na 21. Chini ya hapo mimi ningewashauri msubiri mwaka mwingine.

Tiketi ziwe za kwenda na kurudi, zote zimelipwa kabla ya kuondoka. Ziara ya kwanza ya Australia, 1908 hadi 1909, ilitegemea mapato ya milangoni. Mapato yakawa haba na wenyeji wakalazimika kuwasaidia nauli ya kurudi. Mwaka mmoja kabla yao, wale wa New Zealand walioandaliwa na Albert Baskerville walikuwa wamechanga pauni 50 kila mchezaji, ndipo wakasafiri. Baskerville mwenyewe alifariki kwa nimonia kule Brisbane, Mei 1908, akiwa na miaka 25, ziara ikielekea ukingoni. Daktari si wa hiari kwenye orodha yako.

Kuhusu saa: msilipie siku kumi za kuzoea. Mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba Uingereza iko nyuma yetu saa mbili, baada ya hapo saa tatu. Mwili unazoea haraka. Ingekuwa Sydney, mwezi Novemba tofauti ni saa nane, hapo mngehitaji wiki nzima. Siku tano zinatosha, na hizo ni za baridi na nyasi zaidi kuliko usingizi. Novemba kule Leeds giza linaingia kabla ya saa kumi na moja jioni, basi mazoezi yawekwe asubuhi.

Nyasi zina mambo yake. Vijana wanaofanya mazoezi kwenye ardhi yetu ngumu wamezoea daluga zenye njumu fupi za plastiki. Kwenye tope la Novemba watateleza kama wamevaa soksi, hasa mafowadi kwenye skramu, wanapokumbatiana na kusukumana. Propu, huka na safu ya pili wawe na daluga za njumu za kufungua, milimita 15 hadi 18, pamoja na funguo mbili za kuzikaza na njumu za akiba. Wavae wiki mbili kabla ya safari, maana kiatu kipya na uwanja mpya kwa pamoja huleta malengelenge. Namba kubwa za propu zitafute mapema; dukani hazipatikani kirahisi.

Plasta ya kufungia vifundo, ile ngumu ya milimita 38, ipigie hesabu usikisie. Kwenye mechi, watu 12 kwa roli moja na nusu, mara mechi 3, ni roli 54. Mazoezini, watu 5 kwa roli moja na nusu, mara siku 12, ni 90. Jumla 144, chukua 160. Kinga za meno mbili kwa kila mtu. Jezi seti mbili za rangi tofauti, na juu yake jezi za akiba zisizo na namba katika saizi kubwa, kwa sababu mwenye jezi yenye damu hutolewa abadilishe.

Usipakie seti nzima ya jezi kwenye begi moja. Gawa kila seti mara mbili, namba witiri huku, shufwa kule, begi likipotea njiani mnacheza bado. Daluga na kinga ya meno kila mtu abebe mkononi. Mikasi ya fizio iende kwenye mzigo mkubwa. Mashine za kukanda misuli zina betri za lithiamu, zikae kwenye begi la mkononi. Mapropu wapewe viti vya pembeni, wasimame kutembea kila baada ya saa moja au mbili, na soksi za kubana vigimbi zisiachwe.

Kufua kutakushangaza. Hapa ukianika saa nne, saa sita umekunja. Kule nguo iliyojaa tope inaweza kukaa siku mbili na bado mbichi. Kabla hujalipia hoteli, uliza kama ina mashine za kukaushia na ni ngapi. Mtu mmoja na mashine moja hawawezi nguo za watu 24.

Mwisho dawa. Kila mchezaji aandike anachotumia, daktari akihakiki na orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni. Mwenye pumu anaruhusiwa salbutamol ya kuvuta, isizidi mikrogramu 1600 kwa saa 24, wala 600 ndani ya saa 8. Baadhi ya dawa za mafua za dukani zina pseudoephedrine, ambayo siku ya mechi ikizidi kiwango ni kosa. Tramadol nayo imepigwa marufuku siku za mashindano tangu 2024. Kijana akipata mafua Leeds asiende duka la dawa peke yake.

Kocha akikupa majina, nitumie orodha ikiwa na nafasi na uzito wa kila mmoja kabla hujaipeleka kwa mfadhili. Nitaanza na huka wa pili.

Baba yako