Mkuu usiingize kigari cha kukodi F249, ile mito ya Iceland haisomwi kwenye ramani

Mkuu hapana, hapana kabisa. Umeandika unakodi kigari kidogo Reykjavík mwezi wa saba uende nacho bonde la Þórsmörk kwa njia ya F249, ile isiyo na lami inayopita ndani ya mito, kwa vile ramani inaonyesha ni kama kilomita 30 tu, halafu jamaa hapo juu anakujibu "we pita tu, kiangazi maji yanapungua". Anakupoteza huyo! Maneno hayo hayo nilipewa na kijana wa kaunta pale nilipokodi gari, tena mimi nilichukua fowili, na injini ikameza maji ikanoki katikati ya mto, bima wakakataa kulipa hata senti kwa sababu uharibifu wa maji ya mtoni hawaulipi, nikalipa injini, nikalipa waliokuja kunivuta, hela yote niliyokuwa nimeweka ya kuezeka nyumba ya mama ikaishia hapo. Mpaka leo yule kijana nikimkumbuka damu inachemka, maana anaishi hapo hapo, ule mto anaujua.

Sikiliza sasa. Kiangazi maji kupungua ni mambo ya mito ya kwetu inayotegemea mvua. Mto kama Krossá, ule unaokata njia ya Þórsmörk, unalishwa na barafu ya Mýrdalsjökull, kwa hiyo jua likiwaka ndo barafu inayeyuka na mto unajaa. Asubuhi unaweza kukuta maji ya magotini, jioni pale pale yanabeba gari. Na chini huoni kitu, kwa sababu barafu ikitambaa inasaga mwamba mpaka unga, maji yanatoka ya kijivu kama yaliyooshewa ndoo ya saruji. Shimo la nusu mita na shimo la mita moja na nusu yanafanana.

Halafu lile bonde lote sakafu yake ni kokoto na mchanga mweusi wa volkano, hakuna kinachoshikilia, mto unajigawa vijito vingi na unahama, leo unapita huku kesho kule. Alama za tairi za jana zisikudanganye. Mwaka 2010 volkano ya Eyjafjallajökull ilipolipuka, mafuriko yaliyoshuka kwenye ulimi wake wa barafu, Gígjökull, yalijaza udongo ziwa zima lililokuwa pembeni ya njia hiyo hiyo, ziwa likaisha! Na hapo bado hujaiwaza Katla, volkano iliyo chini ya Mýrdalsjökull. Julai 2011 mafuriko kutoka chini ya barafu hiyo yaliondoka na daraja la mto Múlakvísl kwenye barabara kuu, lami kabisa. 1996 ndo usiseme, volkano ililipuka chini ya barafu kubwa ya Vatnajökull, maji yakajikusanya kwenye ziwa la Grímsvötn chini ya barafu, mwezi wa kumi na moja yakatoka kwa mkupuo yakafagia madaraja kwenye tambarare ya mchanga ya Skeiðarársandur. Vyuma vilivyopinda vipo mpaka leo karibu na Skaftafell, simama uviangalie.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, mto unaotoka kwenye barafu hauvukwi na gari ya kukodi. Usiniambie kuhusu snorkeli, lile bomba la kuvutia hewa juu ya maji, usiniambie umeona video.

Uliuliza pia kwa nini nchi ndogo vile ina sura nyingi. Iko juu ya ufa wa katikati ya Atlantiki, bamba la Amerika Kaskazini na la Ulaya na Asia (Eurasia) yanaachana kama sentimita 2 kwa mwaka, na chini yake kuna joto la ziada linalosukuma lava juu, barafu nayo inachonga kinachojengwa. Nenda Þingvellir ukauone huo ufa kwa miguu, ni ndugu wa Bonde la Ufa letu, na kigari chako kinafika bila shida. Maporomoko ya Seljalandsfoss pia kinafika, yale maji yanaruka kama mita 60 kutoka kwenye jabali ambalo zamani lilikuwa ukingo wa bahari, sasa bahari iko mbali, mbele yake ni tambarare tupu.

Gari liache hapo hapo Seljalandsfoss. Kiangazi kuna mabasi ya matairi makubwa yanaingia Þórsmörk, madereva wake wanavuka Krossá kila siku na wanajua leo imehamia wapi. Kata tiketi mapema, yanajaa.