Gari inachemsha kwenye foleni tu

Kaka, umesema kwenye foleni geji ya joto inapanda, ukishika barabara ya wazi inashuka. Hapo mimi naanza na feni ya kupoza rejeta, siyo gasketi ya kichwa cha injini kama fundi wako anavyokutisha. Zima AC, acha injini iungurume mpaka ipate moto. Feni ikikaa kimya, kagua fyuzi, rilei (swichi ya umeme inayowasha feni), kisha mota yenyewe. Yangu ilikuwa rilei tu, na nilishabadilisha thamostati (vali ya maji ya kupoza injini) bure! Mfuniko wa rejeta usiuguse injini ikiwa ya moto. Maji yana presha, yatakubabua uso. Ikipoa, angalia kulanti, yaani maji ya kupoza injini. Ikiwa inapungua bila kuvuja popote, na moshi mweupe hauishi kwenye ekzosi, basi fundi ana hoja, huenda ni gasketi.