"Umenikuta na mwanamke?"

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 11 kwenye ndoa. Wiki iliyopita walikuja vijana wawili wakaanza kuipiga picha nyumba yetu. Kumbe mume wangu aliiweka rehani tangu mwaka jana, na kwenye fomu ya ridhaa ya mwenza kuna sahihi yangu ambayo sikuiweka mimi. Nikimwambia amenisaliti ananijibu, 'Nimesaliti nini, umenikuta na mwanamke?' Nifanyeje?" Mama wa watoto wawili, Mbagala

Marahaba, mwanangu.

Hilo swali la mumeo ndilo lililonikera. Wanaume wengi (na wanawake, tusidanganyane) wanadhani usaliti ni wa kitandani tu. Biashara kuyumba, mtu akaingia kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, akabanwa, hayo ni majanga, mngelia wote. Lakini yeye alishika kalamu akaiga mwandiko wako. Jioni akarudi, akala ugali uliousonga, akauliza kama watoto wamelala. Akaishi hivyo miezi yote. Ndiyo maana sasa unaurudia mwaka mzima siku moja moja, hujui ipi ilikuwa ya kweli.

Ila kwanza nyumba, moyo baadaye. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mtu kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Muone wakili au watoa msaada wa kisheria wiki hii hii, ubebe cheti cha ndoa na karatasi zenye sahihi yako halisi. Kughushi ni jinai, na najua hutaki baba watoto afungwe, kwa hiyo hilo nalo muulize wakili kabla hujafika polisi. Na usisaini chochote watakachokuletea, hata mumeo akupigie magoti.

Yeye usimwapishe, maana kuapa hakumgharimu kitu. Mwambie ataje madeni yote, mpaka ya kwenye simu. Akikutajia nusu, mwezi ujao likaibuka jingine, jibu umeshalipata. Akiyataja yote, bado hakuna wa kukuharakisha. Kusamehe unaweza hata kesho; kumwachia hati mkononi ni habari nyingine kabisa.

Na mama mkwe akija na ile ya "vumilia, wanaume ndivyo walivyo," mkaribishe chai, kisha umwoneshe hiyo sahihi.